Gari la Kufutia Machozi

Gizani, kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo: ngo. Kikanyamaza. Kikagonga tena, safari hii mfululizo, ngo-ngo-ngo, kama kilichoshikwa na mkono unaotetemeka.

Mboni alikuwa ameshatua miguu sakafuni kabla akili yake haijaamka. Mama wa mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, halali, hujinyoosha tu. Alipapasa ukuta mpaka kwenye kona ya maji, akaukuta mwili mdogo umechutama kando ya ndoo, ngozi inawaka.

"Rukia. Wapi, mama?"

Mtoto aliushika mkono wa mama yake akauweka kwenye paja. Kisha akauhamisha, akauweka kifuani.

Paja walilizoea. Paja wangelikanda kwa maji ya moto, wangempa dawa, wangengoja kuche. Kifua ndicho kilichomtoa Mboni jasho. Daktari alikuwa amemwambia taratibu, kama anayemfundisha mtu dua: maumivu yakipanda kifuani, usingoje jogoo.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo, ni kifua!"

Bi Mwantumu, mama mkwe wake, alitoka chumba cha pili na taa mkononi, kanga moja begani. Tangu mwanawe Hoza afariki alikuwa amehamia hapa kumkalisha mkwewe eda, na muda wote huo hakuwahi kumwacha apike peke yake wala alie peke yake. Alimulika uso wa mjukuu mara moja tu.

"Mchukue yule," alisema, akielekeza kidevu uani, kwenye gari jeusi. "Sultani."

"Mama, bado sijaweka dole la kumpokea. Nikimpanda nitakuwa nimemkubali."

"Dole baadaye. Ugonjwa haujui eda, utajua dole? Mchukue, mke wa mwanangu, utaniulia mtoto!"

Uani kulikuwa na magari mawili ubavu kwa ubavu, kama wake wenza wasiosemezana. La kwanza liliitwa Kipanga. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili, lenye pua ndefu, rangi yake nyekundu imepauka mpaka ikafanana na udongo wa Lushoto. Baba yake Hoza alishindana nalo enzi zile watu wakiendesha kwa mikono na miguu yao wenyewe, na Hoza, petroli ilipoadimika, alilifungulia injini akalifundisha kunywa spiriti ya miwa. La pili lilikuwa Sultani, toleo la mwaka huu, refu, jeusi, na halikuwa na usukani. Kampuni inayotengeneza magari ya aina hiyo ndiyo iliyolileta, siku ya arobaini ya Hoza, likiwa limefungwa utepe mweupe. Walisema ni kifuta machozi.

Mboni alimtazama Kipanga kwa muda wa pumzi moja. Kisha akambeba mwanawe akaenda kwa Sultani, na mlango ukafunguka kabla hajaugusa.

*

"Karibu, Mama Rukia," lilisema gari kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. "Pole kwa kuuguliwa. Mtoto ana homa na pumzi yake ni fupi. Nimeshaiarifu hospitali ya bondeni. Sasa naomba njia."

"Unaiomba kwa nani?"

"Kwa Mratibu. Ameshanipa."

Mratibu hakuwa mtu, alikuwa mtambo. Ndiye aliyeiendesha barabara kuu nzima, toka milimani hadi tambarare, akiyaona magari yote kwa pamoja kama mwanamke anavyoona punje kwenye ungo. Kila gari lilikuwa na daraja, na daraja lilinunuliwa pamoja na gari. La tatu lililipisha la pili, la pili likalipisha la kwanza, bila honi, bila matusi. Watu walisema ajali zimekwisha, na si uongo, zilipungua mno. Zilizobaki zilibaki daraja la tatu. Mratibu hakuuliza umebeba nini, aliuliza umenunua nini. Hata gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa daraja la pili. Sultani alikuwa la kwanza.

Waliteremka mlima kukiwa kunapambazuka. Kiti kilijikunja kikampakata Rukia kama kilikuwa na mikono. Kikombe cha hewa kilishuka toka darini kikamfunika pua na mdomo, taratibu, wala hakushtuka. Mbele yao magari ya mboga yaliyokuwa yanawahi soko yalisogea pembeni moja baada ya jingine, na njia ikafunguka, tupu, safi, kama zulia la bwana harusi. Kifua cha mtoto kikaanza kupanda na kushuka bila kukwama.

"Alhamdulillahi," alisema Mboni, na alimaanisha. Lazima isemwe kwamba alimaanisha.

Kisha akaiona kona.

Hakuwa amepita pale tangu msiba. Siku ile Hoza alikodi gari la daraja la tatu apeleke kabichi, kwa kuwa Kipanga hubeba watu wawili na kikapu basi. Nyuma yake akatokea Sultani mwingine kama huyu. Amri ya kupisha ikaja, gari la kabichi likatii, likasogea kwenye bega la barabara ambalo mvua ya usiku ilikuwa imeshalila kwa chini, likaporomoka naye. Mratibu hakuwa na habari ya mvua hiyo. Abiria wa Sultani, wanasema, alikuwa amelala, akapata habari mchana wakati wa chakula. Wachunguzi waliandika kwamba mfumo ulifanya kazi kama ilivyokusudiwa, na hilo ndilo Mboni alilolilia kuliko yote, maana lilikuwa kweli.

Sasa, kwenye kona ileile, mbele yao kulikuwa na kigari cha buluu kilichojaa makreti ya plamu.

"Punguza mwendo," Mboni alisema.

"Njia ni yetu, Mama Rukia."

"Nimesema punguza! Mwache amalize kona kwanza."

"Samahani sana. Daraja langu haliwezi kushushwa nikiwa njiani. Usihofu, upande wetu ni salama."

Upande wetu. Kigari kilisogea ukingoni, kikasogea tena. Ndani yake alikaa mwanamke mmoja, na Sultani alipokuwa akimpita macho yao yalikutana. Mwanamke yule aliinua kiganja. Si kwa kulaani. Aliinua vile mtu anavyoinua akigundua kwamba amesimama mlangoni na amewazibia wenzake: samahani, jamani, piteni. Papo hapo kigari kikainama, gurudumu moja likabaki linazunguka hewani, makreti yakafunguka. Plamu zikamwagika barabarani, nyekundu, na Sultani akazikanyaga bila hata kutikisika.

"Simama!"

"Nimeshatoa taarifa. Msaada unakwenda. Mtoto kwanza, Mama Rukia."

Mboni akamtazama Rukia. Kope za mtoto zilikuwa zimelegea, midomo imeanza kurudiwa na rangi. Hakusema simama mara ya pili.

*

"Mmewahi," alisema daktari, akiuning'iniza mfuko wa maji. "Mngechelewa kidogo kifua kingejaa. Nani amewaleta?"

"Gari," Mboni alijibu.

Mchana, Rukia akiwa amelala, walimleta mwanamke mwenye bandeji ngumu toka kiwiko hadi vidole, wakamkalisha kwenye benchi jirani angoje picha ya mbavu. Mboni alimtambua kabla hajainua uso.

"Pole na mkono, dada," alisema.

"Ah, mkono! Mkono una pacha wake. Plamu zangu ndizo hazina pacha." Yule mwanamke alicheka, akashika ubavu. "Usinichekeshe, mbavu nazo zinauma. Naitwa Nakiete. Mdogo wangu, unajua nimeokolewa na nini? Kisiki! Kisiki cha mkaratusi pale konani. Mwaka mzima nakitukana, kinanichania maturubai kila nikisogezwa pembeni. Leo nimekiamkia shikamoo."

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Mboni alikaza vidole kwenye ukingo wa kitanda.

"Ni sisi," alisema. "Ndani ya lile jeusi. Tulikuwa sisi."

Kicheko cha Nakiete kilikatika. Alimtazama Mboni, akatazama sindano mkononi mwa mtoto, akautazama mfuko wa maji unavyodondosha.

"Ana nini?"

"Selimundu. Ilipanda kifuani."

"Anaitwaje?"

"Rukia."

"Sikiliza nikwambie," alisema Nakiete, bila hasira. "Ningekuwa mimi, na wangu ndiye yuko hapo, ningepita. Ningepita juu yako, mdogo wangu, halafu jioni ningekuombea dua."

Muuguzi akamwita, akaondoka akijikongoja. Mboni alibaki anautazama mlango. Laiti angetukanwa! Tusi lingekuwa na mwisho. Msamaha ule ulimwingia kama maji ya baridi kwenye jino bovu, kwa sababu sasa alijua: kila mama angepita, na kila atakayepita atasamehewa, na barabara itaendelea hivyo hivyo mpaka siku kisiki kitakapokosekana. Kwa Hoza hakikuwepo.

*

Siku Mboni alipotoka eda walimwosha, wakamvika gauni la kijani alilolitunza sandukuni, wakamtia udi. Dada mmoja wa kampuni, Jokha, alikuwa ameisubiri siku hiyo. Hakuja mikono mitupu, alileta sukari na mchele kama ada inavyotaka, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Bi Mwantumu kwa magoti. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

"Mama Rukia, sitawachosha," alisema, akiweka kibao cha kioo mkekani. "Mnajua sheria, kaya moja, nafasi moja barabarani. Ukiweka dole hapa, Sultani ni wako, na habari ya marehemu tumeimaliza kwa wema. Sisi na ninyi tumekuwa ndugu."

"Na nikimchagua yule?"

Jokha aligeuka akamwona Kipanga uani, kuku mmoja amekaa juu ya boneti. Alijizuia kutabasamu. "Yule ni gari la usukani. Barabara kuu haliruhusiwi. Litapita njia ya zamani, ile ya mzunguko. Mratibu hamjui, pale njia zinapokatana atamhesabu kama ng'ombe."

"Kama nini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Ng'ombe, bibi. Kitu kinachotembea kisicho na daraja. Mfumo haukuweza kumfundisha ng'ombe kupisha, kwa hiyo magari yote yanasimama mpaka apite."

Bi Mwantumu alicheka kicheko kikavu. "Kumbe mwanangu angekuwa ng'ombe angekuwa hai."

Jokha aliinamia vidole vyake.

"Haiwezekani kumshusha Sultani daraja?" Mboni aliuliza. "Nimchukue, lakini asisukume watu?"

"Daraja halishuki, Mama Rukia. Ndilo gari lenyewe."

"Wewe una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Mnatembelea gari gani?"

Jokha alikisogeza kibao mkekani. "La tatu," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Mwantumu alisogea, akamshika mkwewe magoti yote mawili. Mikono yake ilikuwa inanuka udi na vitunguu. "Mwanangu, nisikilize mimi niliyemzaa. Unadhani silioni hilo gari kila asubuhi? Unadhani sijui limetoka wapi? Lakini kama barabara ina wakubwa na wadogo, basi mjukuu wangu naye awe mkubwa. Kisu kilichomkata baba yake, leo kimmenyee yeye chungwa. Nimempoteza mmoja kwa kupisha. Wa pili apishwe!"

Mboni alilia. Alilia kwa sababu hakuona kosa lolote katika maneno yale. Alikuwa ameyasema yote kichwani, usiku na mchana, kwa sauti hiyohiyo ya upendo. Alipoweza kusema, alisema taratibu:

"Mama, pale konani nilimwona mtu ananiomba samahani huku anaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa namwangusha. Nikimchukua Sultani, kila Rukia akiugua nitapita pale, na kuna siku atakuwepo mtoto wa mtu. Huenda wa huyu dada aliyetuletea sukari. Nitamwambia nini Rukia akikua akaniuliza tulifikaje?"

"Utamwambia mlifika! Na asipokua? Na siku akikufia mikononi kwenye ile njia ya mzunguko?"

Mboni alifuta uso kwa upindo wa gauni la kijani.

"Basi nitakuwa nimechelewa mimi," alisema. "Nitalibeba hilo, Mama, na sijui nitalibebaje."

Alikirudisha kibao kwa Jokha kwa mikono miwili, kama mtu arudishavyo sahani ya watu. Jokha alikipokea, akasimama, akasahau kuaga. Alipofika nje Sultani alimfungulia mlango, akampa salamu ya jioni, wakaondoka.

Bi Mwantumu alifunga kanga zake jioni ileile. Hakugombana. Alimvisha Rukia sweta, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akambusu utosini. Kwa Mboni alisema tu, "Mimi ni mama yako, lakini hili sikupi radhi yake. Sitaweza kukaa nikaangalia." Akashika njia ya kwao, mgongo umenyooka.

*

Mboni hakukaa akangoja. Alikuwa bado anaamini kwamba mtu akianza mapema hufika. Alinunua mtungi mdogo wa hewa akaufunga kwa mikanda nyuma ya kiti. Alijaza chupa za maji ya moto kila jioni. Alimwomba muuguzi amfundishe kusikiliza kifua kwa sikio tupu, akawa anakisikiliza asubuhi na jioni, hata Rukia akawa anacheka kwa kutekenywa. Na kila Jumamosi alimtoa Kipanga peke yake kwenye njia ya zamani, akikumbuka vile Hoza alivyomfundisha kwenye uwanja wa shule: usimlazimishe gia, msikilize, konani breki kabla, si katikati.

Masika ilipofika, kifua kilikuja mchana.

Alimfunga Rukia kwenye kiti cha pili kwa kanga mbili juu ya mkanda, akamwekea kikombe cha hewa, akawasha. Kipanga alikohoa, akakohoa tena, akanguruma, na harufu ya spiriti ya miwa ikajaa kama kiwandani. Wakateremka. Njia ya zamani ilikuwa imejaa matope na majani ya migomba, ikizunguka kila bonde kana kwamba inaaga nyumba moja moja. Mboni alishika usukani kwa mikono yote miwili. Kila shimo aliliona, kila shimo alilikwepa, na yale asiyoweza kuyakwepa aliyapita pole, akisema, "Samahani, mama. Samahani, mwanangu," na mtoto akiguna kwa ndani.

Chini, ng'ambo ya bonde, barabara kuu ilionekana inang'aa na mvua. Magari yalipita juu yake kimya, yakipishana kwa madaraja yao. Kwa Sultani wangekuwa wameshafika. Aliijua hesabu hiyo na hakuacha kuipiga.

Kwenye daraja la mbao, jembamba, walikutana na mzee anasukuma baiskeli yenye kuni, ameshafika katikati. Mzee alipoona gari alianza kurudi kinyumenyume, kuni zinayumba, magurudumu yanateleza kwenye mbao, chini maji ya masika yanafoka. Mboni akakanyaga breki. Akatoa mkono dirishani.

"Njoo, baba! Pita wewe!"

"Piteni nyie, mna haraka!"

"Utaanguka, baba, njoo!"

Mzee alisita, kisha akaja, hatua moja, hatua moja, akiinamia mzigo. Alipofika sambamba na dirisha akachungulia, akamwona mtoto na kikombe usoni. Uso wake ukabadilika. Akavua kofia kwenye mvua.

"Lo, mwanangu! Mna mgonjwa, na mmeningoja?"

"Tumekungoja, baba."

"Mungu awafikishe."

Akasukuma baiskeli yake, akapotea kwenye migomba. Mboni akaachia klachi, Kipanga akapanda daraja, mbao zikalia chini yao, wakavuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba kitu kilichojikaza kifuani mwake kikalegea. Mtu mmoja alikuwa hai nyuma yake. Akapeleka mkono wa kushoto akashika vidole vya mwanawe, baridi, vyembamba, akavibana kidogo, akataka kumwambia, umeona, mama, umemwona yule mzee?

Rukia alikisogeza kikombe cha hewa pembeni.

"Mama, inauma."